Kushoto kwa Baba, Kulia Kwangu

Alhamisi, 15 Oktoba 1998

Noel, fundi wetu wa mtaa wa Ghala, ameniambia niandike kila kipimo ninachochukua na tarehe yake, "maana kichwa kinadanganya, arbab," kama wanavyomwita bosi huku. Nimenunua daftari hili njiani. Mimi ni mchoraji ramani wizarani, Al Khuwair, na mwaka wa kumi na tisa huu naandika vipimo. Lakini kipimo peke yake kwenye ukurasa mtupu nakionea huzuni, basi nitakiwekea maneno mawili matatu ya kukisindikiza.

Gari ni la mkwe wangu, Baba Amur. Lilikuja kutoka Uingereza ndani ya makasha manane, na mtu huliunga mwenyewe nyumbani. Viti viwili, paa halina, na pua yake ndefu kuliko haja. Ekseli ya nyuma haikuwamo kwenye makasha. Tumeitoa kwenye gari kuukuu lililokuwa likioza Ghala, Noel akaichomelea vishikio vipya. Tangu mwezi wa nne tumo gerejini kwa Baba, mtaa wa Hail, kila Alhamisi.

Leo tumefunga mikono inayoishika ekseli hiyo. Ni minne, miwili kila upande, na kila mmoja una hesi na nati mwishoni: ukizungusha huku unarefuka, ukizungusha kule unafupika. Upande mmoja ukizidi mwenzake, ekseli inakaa mshazari na gari linatembea ubavu kama kaa. Baba akagawa kazi. "Kushoto kwangu, kulia kwako. Hivyo hatutogombana."

Hatujapata kugombana. Nimemuoa Nasriya miaka kumi na minne, na baba yake hajapata kunambia nimekosea. Nami sijapata kumwambia. Yeye kwangu ni "vizuri, vizuri," mimi kwake ni "ndiyo, Baba," na nyumba mbili zinakwenda.

Alipoingia ndani kujitayarisha kwa sala ya adhuhuri, niliteremsha timazi pande zote mbili, nikatia alama za chaki sakafuni na kupima. Kulia ni sawasawa na mchoro. Kushoto kumepungua milimita sita.

Nimeandika. Sikusema.

Ijumaa, 16 Oktoba

Chakula cha mchana Hail, kama kila Ijumaa. Bi Mahbuba, mama mkwe, kapika wali wa nazi na papa. Baada ya chakula Baba alikwenda gerejini peke yake "kulitazama gari". Mwenye gari jipya hana raha mpaka alitazame.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimepata njia. Mkono wa kushoto siwezi kuugusa, ni wake. Wa kulia ni wangu, naweza kuufupisha ulingane na wake. Ekseli nzima itasogea mbele milimita sita kuliko mchoro, na hakuna atakayekufa kwa hilo. Baada ya kazi nilipitia Hail wakati Baba yuko msikitini kwa alasiri. Mzunguko mmoja wa nati ni milimita moja na nusu. Nikazungusha minne kila mkono, wa juu na wa chini. Kuteremsha timazi sikuwahi. Nilipokuwa natoka nilimsikia akikohoa kwa jirani.

Nilijisikia mtu mwema sana.

Alhamisi, 22 Oktoba

Kushoto kumezidi kulia kwa milimita sita.

Nimepima mara tatu. Nilitarajia sufuri. Baba alikuwa ananiangalia, au ameuelekeza uso upande wangu. "Vipi, mwanangu?" Nikamwambia, "Vizuri, Baba." Naye akasema, "Vizuri, vizuri."

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimeurudisha wa kulia mizunguko minne.

Alhamisi, 29 Oktoba

Kulia kumezidi sita. Tumerudi tulikoanzia.

Jioni nilimuuliza Nasriya kwa nini baba yake ana haraka na gari hili. Leseni yake inakwisha tarehe 11 Machi, akasema, miaka kumi imetimia. Anataka aliendeshe gari lake kabla ya siku hiyo. "Si atakata nyingine?" nikauliza. Nasriya akakunja nguo. "Kasema kabla ya siku hiyo. Basi iwe kabla."

Mtu huyu tangu mwaka jana hagusi usukani, anasema goti. Kila mahali nampeleka mimi. Nadhani ni majivuno ya kizee: anataka aonekane Hail nzima ndani ya gari lisilo na paa.

Alhamisi, 5 Novemba

Kushoto kumezidi sita.

Alhamisi, 12 Novemba

Kulia kumezidi sita. Kila Jumamosi nausawazisha wa kulia upesi, bila kupima; wiki huku, wiki kule, wala haikosei. Nimeanza kumshuku Noel na vishikio vyake.

Jumatatu, 16 Novemba

Niliomba ruhusa kazini mapema, nikaenda Ghala. Noel alikuwa chini ya lori anapiga mluzi. Mluzi huo sikuupenda tangu siku ya kwanza. Fundi anayepiga mluzi namwona kama hayuko kazini. Nikamwambia vishikio vyake vinacheza.

Akatoka chini ya lori taratibu, akajifuta mikono. Ni mtu wa Moshi, mrefu, na huwa hapandishi sauti. "Arbab, ile kazi nilipima mara mbili kabla ya kuchomelea na mara mbili baada ya kuchomelea. Kama inacheza nitakula hiyo ekseli."

Alikuja Hail na gari lake mwenyewe. Akalala chini, akagonga kila kishikio kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Hakuna kilichocheza. Baba alimtolea kahawa kwa mkono wake, na kidogo ikamwagika nje ya kikombe, kwenye sinia. Noel aliondoka bila kunitazama.

Alhamisi, 26 Novemba

Kulia kumezidi sita. Kuna ufito wa mwanzi umeegeshwa ukutani gerejini, una alama za kisu. Sijui ni wa nini. Labda Bi Mahbuba anafukuzia paka.

Alhamisi, 10 Desemba

Kulia kumezidi. Baba alinipa karatasi ya maelekezo. "Soma wewe, mwanangu, miwani nimeiacha ndani." Miwani ilikuwa mfukoni mwake, naiona. Nikasoma. Nilidhani Kiingereza kimemchosha.

Alhamisi, 17 Desemba

Kushoto kumezidi sita. Wiki ijayo ni Ramadhani. Baba amesema tusiliguse gari mwezi mzima, tupumzike. Nimekubali kwa moyo mmoja.

Jumapili, 27 Desemba

Saumu ya nane. Sijakwenda gerejini.

Jumatano, 6 Januari 1999

Mvua tangu asubuhi. Wadi, mto mkavu wa huku, imeteremka na barabara ya Al Khuwair imejaa maji, watumishi wa serikali tumesukumiana magari na kanzu tumezikunja magotini. Nilifurahi kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Alhamisi, 21 Januari

Sikukuu imepita. Nimepima: kushoto kumezidi sita, sawasawa na tulivyoiacha tarehe 17 Desemba.

Mwezi mzima hakuna kilichohama hata kwa unywele. Kabla ya hapo kilikuwa kinahama kila wiki. Nililipeleka daftari kwa Noel, maana vipimo ameniamuru yeye, naye akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Maneno aliyaruka, kwa adabu. Kisha akasema, "Arbab, chuma hakina miguu. Kuna mtu."

"Mtu gani? Mle tunaingia mimi na mkwe wangu tu."

"Mimi nimesema kuna mtu," akasema Noel, akarudi chini ya lori lake. Mluzi leo haukuniudhi.

Jumamosi, 23 Januari

Sikugusa kitu wiki hii. Nataka kuona.

Alhamisi, 28 Januari

Kulia kumezidi sita. Mimi sikugusa, na kushoto kumefupika milimita kumi na mbili, mizunguko minane. Nimekaa kwenye ngazi ya gereji nimeshika timazi kama mvuvi aliyekosa samaki.

Ijumaa, 29 Januari

Leo nitaandika sana.

Baada ya chakula Baba alitoka, kama kila Ijumaa. Nikangoja kidogo, nikamfuata. Mlango wa gereji ulikuwa nusu wazi. Ndani giza, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi, na taa hakuwasha. Mwanzo sikuona mtu. Nikasikia sauti chini ya gari, upande wa kushoto. "Moja." Spana ikalia. "Mbili." Ikalia tena.

Nikainama. Alikuwa amelala chali, kanzu imefungwa kiunoni, macho amefumba. Amefumba kabisa, kama mtu anayesikiliza. Spana kaishika kwa mkono wa kulia na vidole vya kushoto viko juu ya hesi, vinahesabu. Akaweka spana chini, akapapasa sakafu kutafuta ufito. Ule wa mwanzi. Akauegesha toka kishikio mpaka ekseli, akapitisha ukucha kwenye alama, akatikisa kichwa. Akaurudia. Akaendelea kukaza.

Kwa ufito huo huo, bila shaka, hulinganisha kushoto na kulia kila Alhamisi nikishaondoka. Akikuta pande zimetofautiana hadhani kosa ni langu. Anadhani ni lake, anarekebisha lake Ijumaa. Na kesho yake ninakuja mimi, ninarekebisha langu. Miezi mitatu tumekuwa watu wawili mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake upande ule ule. Na wiki niliyoacha mimi, nadhani hakujiamini tena, akarekebisha mara mbili.

Nikarudi nyuma, nikasimama uani, karibu na mtungi. Baada ya muda akatoka. Jua la saa nane, ukuta mweupe, mimi kanzu nyeupe, hatua tatu kutoka kwake. Akanielekea, akaushika ukuta, akapita. Hakuniona.

Nilimkuta Bi Mahbuba jikoni. Nikamuuliza moja kwa moja, jambo ambalo sijapata kulifanya nyumbani humo.

"Presha ya macho," akasema. "Daktari kamwambia tangu mwaka juzi. Pembeni haoni kabisa. Mbele anaona kama mtu anotazama kwenye tundu la ufunguo, na tundu lazidi kuwa dogo."

"Amekukataza usiseme?"

"Hakunikataza. Hakuna alouliza."

Kwa hiyo tarehe 11 Machi si siku ya leseni. Ni siku watakayompima macho, naye anajua watamwambia nini. Nilimwita mtu wa majivuno, katika daftari hili hili. Najisikia vibaya, na sitaufuta ukurasa ule.

Jumamosi, 30 Januari

Sikugusa.

Alhamisi, 4 Februari

Sufuri. Kushoto na kulia ni sawa, mara ya kwanza tangu Oktoba.

Nikawaza: kumbe hakuna haja ya kusema lolote. Nizuie mkono wangu tu. Yeye atadhani amefaulu, gari litakwenda sawa, na heshima ya kila mtu itabaki mahali pake. Nililala usingizi mzuri.

Alhamisi, 11 Februari

Sufuri tena. Nilisema kwa sauti, "Baba, pande zote sawa." Nilidhani atafurahi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, ufito mapajani. "Leo," akasema. "Wiki ijayo itahama."

"Haitohama, Baba."

"Miezi minne nnafunga nati mbili, na kila nkizifunga zinanigeuka. Nati zinanishinda, usukani nitauweza wapi?" Akanikabidhi ufito kama mtu anayekabidhi funguo za ofisi. "Limalize wewe. Umpakie Nasriya. Mimi nshaachana nalo."

Nikasema, "Ndiyo, Baba." Miaka kumi na minne ya mazoea, ulimi ulisema wenyewe.

Jumatatu, 15 Februari

Wizarani nimechora mpaka wa kiwanja mara mbili kwa makosa. Nimemaliza wino.

Alhamisi, 18 Februari

Hakuja gerejini. Nilimfuata barazani. Bi Mahbuba alikuwa akimsomea gazeti. Aliponiona uso akalikunja, akaingia ndani.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya utangulizi. Yote yakanipotea. Nikasema, "Baba, siku ya kwanza ulikosea."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo tangu azikwe baba yake mzazi. Akanigeuzia sikio.

"Kiasi gani?"

"Milimita sita. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi."

"Nlijua. Nliurekebisha kesho yake."

"Na mimi nikarekebisha kesho kutwa yake. Wa kulia. Ulikuwa msikitini."

Akageuza uso. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Kila wiki?" akauliza.

"Kila wiki. Ila Ramadhani."

"Ramadhani haikuhama," akasema polepole. "Hiyo ndo ilonitia khofu khasa. Nliposhika mimi ndo ikihama." Akacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. "Badr, mwanangu, umenitesa. Macho nshayaaga. Nlikuwa nimebaki na vidole. Miezi minne nnadhani na vidole navyo vinaniacha."

Niliona haya kama sijapata kuona maishani. Nilidhani namheshimu. Kila Jumamosi, kwa adabu yangu yote, nilikuwa nakwenda kumpokonya kitu cha mwisho alichokuwa anakiamini.

"Kwa nini hukunambia?" akauliza.

"Wewe ni baba mkwe wangu."

"Na mimi nlikuwa naogopa ukijua ntashuka machoni mwako." Akapapasa, akapata goti langu, akalipiga kofi dogo. "Toka leo nkikosea sema. Hapo hapo, usingoje nende msikitini."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi?" Akakaa sawa. "Wewe bolti zako ulizikaza gari likiwa juu ya stendi. Bushi zako, ile mipira ya viungoni, zote zimejipinda. Bolti hukazwa gari likiwa chini, limekaa na uzito wake. Toka mwezi wa kumi nnazigusa, nnaona aibu kukwambia."

Tukaenda gerejini. Tukaliteremsha gari. Bushi zangu zilikuwa zimejipinda kweli.

Alhamisi, 25 Februari

Nimelegeza bolti zangu zote, tukaweka mifuko miwili ya mchele kwenye viti iwe uzito wa watu, nikakaza upya. Baba alikaa kwenye kiti chake akisikiliza. "Hiyo umekaza mno." Nikalegeza. "Hiyo bado." Nikakaza. Mara tatu aliniambia nimekosea, na mara mbili ni kweli. Ya tatu nilimwambia amekosea yeye, akaguna. Kushoto kafunga yeye, kwa vidole. Nikapima: sufuri.

Jumatano, 3 Machi

Joto limerudi. Noel alikuja kutia mafuta ya breki na kuwasha injini. Nilimwomba radhi kwa habari ya vishikio. "Yameisha, arbab," akasema. Kisha akaniuliza yule mtu nilimpata? Nikamwambia walikuwa wawili. Hakushangaa.

Jumanne, 9 Machi

Nasriya hataki baba yake aendeshe. Mtu haoni, anasema, na wewe unampa gari. Nikamwambia si barabarani. Uwanja mtupu nyuma ya nyumba, ardhi ngumu, hakuna mtu wala mti, na mimi nitakuwa kiti cha pili. Akauliza kama breki ziko upande wangu. Haziko. 

Alhamisi, 11 Machi

Saa kumi na moja kasoro tulilisukuma nje. Uwanja una urefu wa mita mia nne, nimeupima jana kwa hatua, na mwisho wake ni ukuta wa nyumba inayojengwa. Nasriya na mama yake walisimama kwenye kivuli cha geti. Noel alisimama nusu ya njia, pembeni, mikono mfukoni, anapiga mluzi.

Baba alikuwa amevaa kilemba cha sikukuu na leseni iko mfukoni. Alipapasa usukani, gia, breki, kila kitu mara mbili.

"Unajua kwa nini nlitaka ekseli iwe sawa khasa?" akaniuliza. "Gari lililo sawa halihitaji macho mengi. Lilobaki utanambia wewe."

Tukaondoka. Gia ya kwanza ilikoroma, ya pili ikaingia kama siagi. Upepo ukataka kukichukua kilemba. "Kulia kidogo," nikasema. Akaenda kulia. "Imetosha. Shikilia hapo." Akashikilia. Tukampita Noel, naye kwa mara ya kwanza aliacha mluzi. Gia ya tatu. Baba akaachia usukani, mikono yote miwili, akaiweka mapajani. Nilitaka kuudaka, nikajizuia. Gari likaenda. Halikuvuta kushoto, halikuvuta kulia. Likaenda mbele kama mstari uliopigwa kwa rula, na mkwe wangu uso ameuinua juu, macho amefumba, anacheka bila sauti. Nami nikamtazama yeye badala ya kutazama mbele, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Nilipogeuka ukuta ulikuwa umekua.

"Simama," nikasema. Sikusema Baba, sikusema tafadhali. "Simama."

Akasimama. Vumbi likatupita, likatua kwenye pua ya gari na kwenye kilemba chake. Injini ikazimika. Nikasikia Nasriya anakuja mbio kwa mbali.

"Ukuta uko umbali gani?" Baba akauliza.

Nilishuka nikapima. "Hatua mbili."

Akafikiri, mikono bado mapajani.

"Umechelewa kusema," akasema.